Mtoto ana miaka 2 na miezi 3 haongei, mama mkwe anasema akatwe udata. Naombeni ushauri

mama_wa_kiwalani

Habari zenu wana jukwaa, naombeni mnisaidie maana kichwa kimechoka. Nina mtoto wa kiume ana miaka 2 na miezi 3, ndo wa kwanza kwangu. Kuongea bado kabisa. Anasema mama, anasema baba (hilo anamwita mwanaume yeyote mpaka bodaboda), "bu" akiona mpira, "toto" kwa kitu cha moto na "mma" akitaka maji. Basi. Mengine yote ananishika mkono ananivuta mpaka kwenye friji au mlangoni halafu anaanza kulia nihangaike kubahatisha. Mtoto wa jirani wamepishana wiki chache tu, yule anaongea mpaka unamwambia hebu pumzika. Wa kwangu asipoeleweka anajitupa chini, anagonga kichwa, na siku hizi kaanza kung'ata, mdogo wangu kang'atwa bega mpaka meno yakabaki yamechoreka.

Kutembea alitembea na miezi 15, nako wakasema kachelewa, akatembea. Anakula vizuri, kliniki uzito uko kwenye kijani.

Sasa mama mkwe kaja kutoka kijijini, kesho yake tu asubuhi kamfungua mdomo kasema huyu ana udata, ulimi umeshikwa chini, na kimeo nacho kirefu ndo maana anakoroma, kuna mzee mtaa wa pili anakata vyote kwa mpigo mmoja. Baba yake anasema watoto wa kiume wanachelewa, eti yeye aliongea na miaka mitatu na leo vikao vyote vya ukoo yeye ndo msemaji. Wifi yangu anasema ni simu, na simu ni kweli, dada wa kazi anampa aangalie katuni za kizungu ili yeye apike maana mimi nikitoka asubuhi narudi saa moja jioni. Nani yuko sahihi hapo? Nimkate, nisubiri au nifanyeje? Matusi sitaki, nataka waliopitia.

kibatari

Bibie mimi niliongea na miaka minne, sasa hivi mke wangu anatafuta dawa ya kuninyamazisha. Subiri tu yatakuja yote kwa pamoja utajuta.

mjukuu_wa_chifu

Msidharau wazee jamani. Kwetu nyumba nzima tumekatwa kimeo tukiwa wachanga na tunaongea vizuri tu, hakuna aliyekufa. Mama mkwe kalea watoto saba bila intaneti, huyo anajua. Mpeleke dada, ni dakika moja tu.

nesi_wa_zamu

Mjukuu wa chifu, kwenu mmekatwa nyumba nzima na mnaongea, majirani hawakukatwa na wanaongea pia, sasa kimeo kimefanya kazi gani hapo? Hao waliokufa hawawezi kuingia humu kukujibu. Kile kinyama kinachoning'inia kooni hakina habari yoyote na mtoto kuanza kuongea. Nimepokea mtoto kaletwa usiku kakatwa kimeo mchana, anameza damu tu, khanga ya mama yake imelowa mpaka kiunoni. Kuna pepopunda, kuna wembe uliotoka kwenye koo la mtoto mwingine. Hiyo ndo dakika moja yako.

Dada mwenye uzi, pole. Mtoto wako ana nini sitakwambia maana sijamuona, na yeyote atakayekwambia kupitia humu muogope. Ila nakupa namna ya kumtazama.

Udata kwanza, maana huo upo kweli. Ile ngozi ya chini ya ulimi inaweza kuwa fupi. Shida yake inaonekana zaidi akiwa mchanga, anashindwa kunyonya vizuri, chuchu zinamuuma mama. Akikua unaweza kumsumbua kwenye sauti zinazotaka ncha ya ulimi ipande, r, l na ndugu zake. Lakini mtoto mwenye udata ANAONGEA, anaongea tu baadhi ya maneno hayanyooki. Udata haumfanyi mtoto akae kimya. Mpake asali kidogo juu ya mdomo uone kama ulimi unafika, na kama kweli umeshikwa, unakatwa hospitali sio uchochoroni.

Hii ya watoto wa kiume, tofauti ipo ila ni ya mwezi mmoja miwili, haifiki mwaka. Umri wake tunategemea awe ameanza kuunganisha maneno mawili, "mama njoo", "taka maji", na akigonga miaka 2 na nusu awe na kama maneno 50 hivi. Matano ni machache mno, mtoto huyo simwambii mzazi wake asubiri. Sisemi ana ugonjwa. Watoto kati ya asilimia 10 na 20 wakifika miaka miwili wanakuwa wamechelewa kuongea na wengi wao wanawafikia wenzao bila dawa yoyote. Tatizo ni kwamba ukimtazama kwa macho tu humjui yupi atafika mwenyewe na yupi anahitaji msaada, ndo maana anapimwa.

Sasa fanya haya nyumbani halafu urudi utuambie.

Kuongea na kuelewa ni vitu viwili. Kaa kwenye kiti, mikono weka mapajani, mwambie "leta kiatu cha baba". Usinyooshe kidole na macho usiyapeleke kwenye kiatu. Nasisitiza macho, watoto wanasoma macho yako wanaleta kitu wewe unadhani wameelewa neno.

Halafu kidole. Kuanzia mwaka mmoja hivi mtoto anaanza kukuonyesha vitu, na simaanishi kuomba, namaanisha kukuonyesha tu, kaona paka anakuangalia wewe anaangalia paka anataka mumuone wote wawili. Anafanya hivyo? Akiitwa jina anageuka? Anakutazama usoni, anacheza kwa kuigiza, analisha mdoli, anapiga simu ya uongo na kopo? Kama hayo hayapo kabisa tutaongea habari nyingine, ya usonji (autism), nayo ina msaada ukiiwahi.

Mwisho ndo muhimu zaidi kwangu. Alipozaliwa alipata manjano sana? Amewahi kulazwa, homa ya uti wa mgongo, sindano za gentamicin (dawa inayoweza kuharibu usikivu)? Masikio yake yakoje? Mwite kutoka nyuma, sauti ya kawaida, asione kivuli chako.

shangazi_pwani

Nesi umesema vizuri lakini umeandika kama mtihani wa darasa la saba 😂 Mama Kiwalani fanya kimoja kimoja usipaniki.

mama_wa_kiwalani

Asante sana nesi. Nimefanya jana jioni na leo.

Kiatu, mara ya kwanza alisimama ananiangalia mdomo, nikarudia akaenda akaleta, tena kiatu cha baba kweli sio changu. Kidole ndo kazi yake, hapa kwetu ndege zinapita juu kwenda kutua, kila ikipita anakimbia uani ananyoosha kidole juu ananigeukia mpaka niseme "eeeh ndege". Simu ya uongo anapiga na rimoti anabwabwaja kwa sauti ya baba yake kabisa, ukisikiliza kwa mbali utadhani anaongea, ila neno hakuna. Manjano hakupata, kulazwa hajawahi.

Masikio sasa. La kulia linatoa usaha tangu ana kama miezi minane, linakauka linarudi, likija mafua na lenyewe linakuja. Huwa tunalitibu nyumbani, bibi yake analiwekea mafuta ya nazi yaliyopashwa na kitunguu saumu, linakaa kidogo linatulia. Na analala mdomo wazi anakoroma kama mtu mzima. Nimemwita kutoka nyuma akiwa anapanga vifuniko vya chupa, nikaita kawaida kimya, nikaita tena kimya, nikapandisha sauti ndo akageuka akanicheka. TV nayo anaisogelea mpaka anaigusa na pua. Nesi hii inahusiana??

nesi_wa_zamu

Inahusiana sana, na hayo mafuta na kitunguu yasimame leo. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara mara nyingi ngoma yake imetoboka, chochote unachomimina kinapita kinaenda ndani. Maziwa ya mama nayo hapana, najua yanafuata. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya, usokote kiwe kama utambi, weka taratibu kinyonye, toa, weka kingine mpaka kitoke kikavu. Pamba za vijiti usimpe mtu yeyote aingize humo. Akioga maji yasiingie. Usaha unaotoka zaidi ya wiki mbili ni wa kuonwa na daktari, na huyu ni zaidi ya mwaka.

Nikueleze inavyokwenda. Kutoka nyuma ya pua kuna kamrija kanakwenda kwenye sikio la kati kupeleka hewa. Kwa mtoto kamrija haka ni kafupi na kamelala, na nyama za nyuma ya pua zikivimba (ndo hao wanaokoroma na kulala mdomo wazi) kanaziba. Hewa haiendi, maji yanajaa nyuma ya ngoma ya sikio, wakati mwingine yanageuka usaha yanatoboa. Sikio moja linatoa usaha unaliona, la pili linaweza kuwa limejaa maji kimya kimya bila maumivu wala homa na hakuna anayejua. Sauti inamfikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye beseni. Mlango ukipigwa anasikia, ukigomba anasikia, kwa hiyo nyumba nzima mnaapa kwamba mtoto anasikia, ila s, f, t, k zinapotea, anapata vokali tu (a, e, i, o, u) na mdundo wa maneno. Leo anasikia vizuri, wiki ijayo mafua yamekuja hasikii. Mtoto ambaye neno lilelile linamfikia kwa sura tofauti kila siku atalishika vipi?

Sijasema ndo hicho alicho nacho. Nasema hiyo ndo inatangulia kuangaliwa kabla ya ulimi. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Amana au Temeke, ipi iko karibu, omba akaonwe kitengo cha masikio, pua na koo, wao wataona kama aende Muhimbili. Kipimo cha usikivu hakihitaji mtoto ajibu, usiogope kwamba haongei. Kuna kamashine kanawekwa sikioni kanatoa mlio na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye sikio lenyewe, kingine kinapima kama ngoma inacheza, na kingine anabandikwa vitu kichwani akiwa amelala wanaangalia kama ubongo unapokea sauti. Haviumi.

Na huko kujitupa chini na kung'ata, usimpige. Miaka miwili ni umri ambao anataka mambo yake mwenyewe halafu breki bado hana, hata anayeongea vizuri anajitupa sokoni. Huyu wako kichwani ana mengi ya kusema na mdomo una maneno matano.

baba_wawili_moro

Naunga mkono nesi, na niongeze kwa wanaosema "mbona anasikia mlango". Mtoto wa kaka yangu alizaliwa kiziwi kabisa na ukoo mzima hatukujua mpaka ana zaidi ya miaka mitatu. Unajua kwanini? Akiwa mchanga alikuwa anatoa sauti kama watoto wote, "aguu aguu", kucheka, kulia kwa kudeka. Daktari alitueleza kwamba mtoto kiziwi naye anatoa sauti hizo miezi ya mwanzo, kinachochelewa ni ile ba-ba-ba da-da-da ya kwenye miezi sita kwenda kumi. Halafu mlango ukigongwa alikuwa anageuka kweli, kumbe ni mtikisiko wa sakafu anausikia miguuni. Yule alipelekwa kwa mganga, akapelekwa kuombewa, na kituo kimoja cha afya (sikitaji) wakaandika kwenye kadi "atazungumza akikua".

Leo yuko shule, anaongea kwa lugha ya alama na dada zake wote wamejifunza, utundu wake hauna mfano. Muhimbili wanapandikiza vifaa vya usikivu tangu 2017, ila hiyo inafaa zaidi mtoto akiwa mdogo kwa sababu ubongo unatakiwa uanze kupokea sauti mapema, na bei yake sio ya kuongelea wakati wa kula. Kwa hiyo mama Kiwalani, wa kwako anasikia kiasi, shukuru Mungu, lakini kimbia.

mjukuu_wa_chifu

Sawa kwenye sikio nimewaelewa. Kwenye kimeo bado tutaongea siku nyingine.

nesi_wa_zamu

Hatutaongea.

mkilifi

Salamu kutoka Kilifi. Mimi nataka kuwarudisha kwenye hesabu ya maneno kwa sababu wazazi wengi huhesabu vibaya. Mama asema mtoto ana maneno matano, lakini "toto" ya moto ni neno, "mma" ya maji ni neno, hata ingawa hayajanyooka, mradi kila siku atumia sauti ile ile kwa kitu kile kile. Na je, ng'ombe amwita "mbuu"? Gari "vuuu"? Akikataa kitu asema nini? Hayo nayo yahesabiwa. Kaa na karatasi na dada wa kazi na bibi, kila mtu ataje anayoyasikia, waweza kupata kumi na tano ukashangaa. Bado ni machache kwa umri wake, simpingi nesi, lakini daktari akikuuliza utakuwa na jibu.

Huku kwetu watafiti wa Kilifi walitengeneza orodha za maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama, kwa sababu zile za Ulaya zauliza vitu ambavyo mtoto wa Kilifi hajawahi kuviona. Mtoto wa hapa ajua kuni, kata, jembe, mbuzi. Ukimpima kwa theluji utasema hana akili.

Jambo jingine, watoto wa Kiswahili hawaanzi na sentensi kamili. Kuna mtafiti Kamil Deen alirekodi watoto wachache wa Nairobi, akaona wakianza kuunganisha huacha vile viambishi vya mbele, badala ya "ninataka" wasema "taka", badala ya "anakuja" ni "kuja". Hilo si kasoro, ndivyo wanavyopanda. R nayo huja nyuma sana, "lula lula" ya miaka mitatu isikutishe. Kwa hiyo usingoje useme "mwanangu ataongea siku atakayosema sentensi", ngoja "taka maji" uifurahie.

Na hiyo miezi 15 ya kutembea waliyosema kachelewa, hakuchelewa. Shirika la Afya Duniani lilifuata watoto wa nchi tano, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wakapata mtoto mzima wa afya aweza kuanza kutembea peke yake popote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi. Wanawe watu wana mwendo wao, na mwili na ulimi havifuatani.

bint_muscat

Mkilifi umenikumbusha Oman nami niko huku. Nije kwenye simu maana wifi yake naye ana hoja yake.

Nyumba yetu bibi anaongea Kiswahili, nje Kiarabu, dada anayetusaidia ana lugha yake ya tatu, na watu walituambia mtoto atachanganyikiwa ataacha kuongea. Lugha mbili haziachishi mtoto kuongea, unahesabu maneno ya lugha zote unajumlisha. Lakini lugha inayotoka kwa MTU. Katuni ya kizungu haimfundishi kizungu wala Kiswahili. Patricia Kuhl na wenzake Marekani mwaka 2003 walichukua watoto wa miezi tisa ambao kwao wanasikia kiingereza tu, kundi moja likakaa na mtu anayeongea Kichina anawachezesha na kuwasomea, kundi jingine likaangalia watu haohao, maneno yaleyale kwenye TV. Waliokaa na mtu wakaweza kutofautisha sauti za Kichina. Wa TV hawakuambulia kitu, sawa na ambao hawakusikia Kichina kabisa. Mtoto anahitaji mtu amuangalie, amjibu, amsubiri.

WHO 2019 walitoa mwongozo, chini ya miaka miwili skrini wasipewe kabisa, kuanzia miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ndo bora. Simaanishi simu ndo imeziba mdomo wa mwanao, sikio lake lina kesi yake. Ila mtoto anayesikia nusu halafu hiyo nusu apewe katuni, amebakiwa na nini?

mama_wa_kiwalani

Bint Muscat nimekuelewa lakini jamani mimi nitaacha kazi? Dada ana kazi zote za ndani, akimuachia mtoto bila simu anamwaga unga, anafungua bomba.

shangazi_pwani

Hakuna aliyesema uache kazi, kodi atalipa nani. Na msimgeuze mama wa watu mshtakiwa hapa, mbona hakuna anayeuliza baba anarudi saa ngapi?

Huyo dada wa kazi ndo anayekaa na mtoto mchana kutwa, kwa hiyo kaa naye kwa heshima umweleze, sio kumfokea "usimpe simu". Mwambie anachofanya akifanye huku anamwambia mtoto. Anachagua maharage, mtoto akae pale mbele yake kwenye mkeka apewe kibakuli chake: "hili bovu, tupa. Hili zuri, weka. Bovu, tupaa." Mtoto atatupa mazuri, si kitu. Baada ya siku kadhaa dada anasema "hili bovu..." ANANYAMAZA, anamwangalia mtoto usoni. Hapo kwenye kunyamaza ndo pana kazi, watu wazima hatuna subira tunamalizia wenyewe. Siku moja utasikia "tupa". Kwenye kufua hivyohivyo, "soksi ya baba, soksi ya nani?" Unga akimwaga nao ni maneno, "umemwagika!"

Na akisema "mma" usimrekebishe "sema maji, sema ma-ji, husemi sikupi". Mpe huku unasema "haya maji, maji ya baridi". Ukimnyima atalia tu. Uso kwa uso, chuchumaa umfikie, hasa huyu ambaye sikio lina shida, asome mdomo wako. TV izimwe kama hakuna anayeiangalia, zile kelele za nyuma zinamuibia hata kidogo anachosikia.

Jioni wewe ukirudi umechoka usijitafutie kazi, muogeshe mwenyewe tu. Bafuni hamna simu. Sikio lizibe.

ticha_wa_msingi

Mimi nafundisha darasa la kwanza na la pili. Nyongeza fupi. Watoto waliochelewa kuongea hata wakishawafikia wenzao, baadhi yao wanakuja kusumbuka kwenye kusoma, hasa kutenganisha sauti za neno. Wazazi wanakuwa wameshasahau kabisa kwamba alichelewa, wanamwita mvivu. Na nina watoto kila mwaka wanakaa nyuma, "watundu", "hawasikilizi", ukimuangalia vizuri sikio linanuka. Akifika shule mwambie mwalimu historia yake na akae mbele, upande ambao sikio zima linamwelekea mwalimu. Sio siri ya aibu.

Kwenye hasira, mpe jina la kile anachohisi hata kama hajibu, "umekasirika, ulitaka kile". Anaelewa zaidi ya anavyosema, hata kwenye kiatu umeona.

mama_wa_kiwalani

Nawashukuru wote jamani mpaka nimelia kidogo. Jumatatu naomba ruhusa kazini naenda Amana. Karatasi ya mkilifi tumefanya na dada, tumefika kumi na moja, kumbe "kaa" ni takataka anasema kila siku na mimi nilikuwa nadhani ananiambia nikae.

Imebaki moja. Mama mkwe. Mzee wa udata keshaambiwa, wamepanga mimi nikiwa kazini. Mume wangu yuko safarini mpaka mwisho wa mwezi, anasema "mwambie tu mama asubiri", mimi nimwambieje mama mkwe asubiri?

shangazi_pwani

Usibishane naye udata upo au haupo, hapo utashindwa na utaonekana umesoma. Mumeo ampigie mama yake LEO, sio wewe, mtoto wa mtu ndo anamkatalia mama yake. Wewe ongea naye kuhusu sikio, maana sikio hata yeye analiona na ndo kalihangaikia na mafuta yake kwa mapenzi. Mwambie "mama, twende wote, mimi peke yangu sitaweza kumshika". Abebe mjukuu, aingie kwa daktari, daktari amwangalie na ulimi mbele yake amwambie mwenyewe. Daktari akisema, kijijini atarudi anasimulia kama yeye ndo kagundua. Muachie.

mjukuu_wa_chifu

Hili la kumpeleka bibi hospitali nimelipenda. Na mumeo apige simu kweli, mwisho wa mwezi ni mbali.

nesi_wa_zamu

Shangazi kamaliza. Siku hiyo beba kadi ya kliniki, karatasi ya maneno, na mrekodi kwa simu usiku akikoroma, daktari aione hiyo video maana mchana hakoromi. Chini ya miaka mitano huduma serikalini kisera ni bure ila beba akiba ya dawa usikwame. Akiwa na mafua siku hiyo usiahirishe, nenda hivyohivyo. Wakikwambia sikio limepona wakakupa dawa tu bila kupima usikivu, uliza "usikivu wake anapimwa lini na wapi", uandikiwe.

neema_kwa_neema

Samahani wakuu, nimesoma uzi wote. Wangu wa kike ana miezi 19, anaongea sana tu ila akiitwa na baba yake hageuki, akiitwa na mimi anageuka. Nifungue uzi mpya au niendelee humu?

nesi_wa_zamu

Fungua mpya dada, ukiandika utaje masikio mwanzoni. Na baba yake akimwita huwa anataka nini?

neema_kwa_neema

Huwa anamwita akalale.

kibatari

Huyo anasikia 😂